Kuijua miti kabla ya kuikata

Watu wengi wa mji wakiingia porini wanaona aina mbili tu za miti: ile inayotoa makala mazuri na ile inayotoa makala mabaya. Hata wanafunzi wetu wa sekondari ni hivyo. Katika kozi ya biolojia wanachora vizuri sana jani la mwembe na la avoka, wanataja sehemu zake zote kwa Kifaransa. Lakini mwembe ulitoka Asia na avoka ilitoka Amerika. Ukiwauliza juu ya muti uliojiotea wenyewe nyuma ya nyumba ya babu yao, wanajibu: "Ile ni muti ya pori tu, mwalimu."

Sisi tuliachiwa na marehemu baba shamba la hekta 4 upande wa Kasenga, na karibu nusu yake ilikuwa bado pori. Mwaka 2021, mtu mmoja wa makala aliwafikia wandugu zetu na maneno matamu: atasafisha pori lote bure, tupate pahali pa kulima mahindi, yeye achukue miti. Wandugu walikaribia kukubali, kwani masomo yalikuwa karibu kuanza na minervali ya watoto haingoji mtu. Kwa upande wa pesa hatukuwa na la kuwajibu. Tuliomba jambo moja tu: kabla shoka haijaingia, tujue kuna nini mle ndani. Tukamwita mama mudogo, aliyefuata mama yetu kwa kuzaliwa. Amepita miaka 70 na amekaa kule maisha yake yote. Tulitembea naye siku mbili, sisi na daftari, yeye na kisu.

Jambo la kwanza alilotufundisha ni kutoamini majani peke yake. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa 9, wakati ambapo miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu kabla ya mvua. Mgeni anafikiri kila rangi ni aina yake, kumbe baada ya majuma machache yote yamekuwa kijani. Tena kisiki cha muti uliokatwa kinachipuka, na majani ya machipukizi mara nyingi ni makubwa kuliko ya muti mzima. Usipoangalia, unaandika majina mawili kwa muti mmoja. Mama mudogo aligusa ngozi ya muti, akaikwangua, akanusa, akainama kuokota matunda ya mwaka uliopita. Mulombwa alituonyesha kwa kisu: ukiuchanja, unatoa maji mekundu kama damu. Tunda lake ni la mviringo, lina miiba katikati na utando mwembamba pembeni kama ukingo wa kofia. Ndugu yake mukula naye anatoka damu, na huyo hatuna haja ya kumweleza sana kwa watu wa Haut-Katanga. Wote tuliona magari makubwa yaliyobeba mbao zake kwenda nje katika miaka ya 2016 na 2017. Mwaka 2019 mataifa yakauandika katika orodha ya miti ambayo biashara yake inasimamiwa. Vijiji vingi vilijua bei ya mukula siku ile wanunuzi walipofika, si mbele.

Lakini pale tulipokaa sana ni kwenye musuku. Musuku ni rahisi kuujua: majani mapana na magumu, yamekusanyika kwenye ncha za matawi kama maua. Tusiuchanganye na musokolobe, ndugu yake, wenye majani membamba yanayong'aa. Tulihesabu misuku 23. Kaka yetu mkubwa, aliyetufuata siku ya pili, alionyesha kikundi kimoja akasema ile mkaaji anaweza kuibeba, kwa sababu tangu utoto wake haijawahi kuzaa hata tunda moja. Mama mudogo akacheka. "Ile ni banaume, mwana wangu. Mwanaume haizalake. Ukiikata yote, na bale banamuke habatazala tena."

Tulikwenda kuhakikisha katika vitabu, na ni kweli kabisa. Uapaca kirkiana ina muti dume na muti jike, mbalimbali, na jike bila dume karibu haupati kitu. Katika miaka yetu yote ya kufundisha uchavushaji hatukupata mfano mzuri kama huu, nao ulikuwa katika shamba la baba. Masuku yanauzwa Lubumbashi kila mvua zinapoanza, bamama wanayapanga mafungu mafungu kandokando ya barabara. Wangapi kati yetu tunaoyala tunajua habari hiyo?

Mupundu ulipita haraka, kwa maana kila mtu wa kule anaujua: jani lake chini ni jeupe-jeupe, tunda lina ngozi ya kukwaruza, na tangu zamani wakulima wanauacha usimame katikati ya shamba. Muombo, ambao umelipa pori lote jina lake la miombo, unatoa kamba katika ganda lake. Mutondo ndio ulioleta maneno marefu. Kwa mkaaji huo ni makala mazuri, basi. Kwa mama mudogo ni muti wa finkubala, wale viwavi tunaokula, na ni chini ya mutondo na kaputu anapotafuta bowa wakati wa mvua. Uyoga wa namna hiyo unaishi pamoja na mizizi ya miti hiyo. Miti ikiondoka, nao unaondoka, na hakuna mbegu yake ya kununua sokoni.

Majina tuliyoandika ni ya Kibemba, kwa sababu ndiyo lugha ya mama. Msanga au Muluba atakuwa na yake, na wakati mwingine jina moja linashika miti miwili. Kwa hiyo kando ya kila jina tuliweka la Kilatini kila tulipoweza kulipata (huo ni ugonjwa wetu sisi walimu). Profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima kuhusu vyakula vya pori hili; kipo kwa Kifaransa.

Siku ya tatu tulikaa na wandugu. Haikuwa mazungumzo mepesi. Mwishowe walikubali nusu hekta ifyekwe, upande wenye miti michache, na mkaaji akalipa kidogo badala ya kuchukua bure. Miti iliyobaki tuliipaka chokaa: misuku yote, dume na jike, mipundu, mulombwa, mitondo mikubwa. Minervali ya mmoja wa watoto tulikamilisha kwa mkopo, na kaka hajaacha kutukumbusha.

Muti mmoja tu ulibaki bila jina. Uko juu ya kichuguu kikubwa, na mama mudogo alisema kule juu udongo ni mwingine, na miti yake ni mingine. Jina la ule alilisikia kwa mama yake, lakini limemtoka. Tuliupaka chokaa kama mingine, na katika daftari tuliacha mstari mtupu. Atakayekuwa wa kwanza kuona maua yake ametumwa atuletee tawi.