Mshororo Mbele ya Mashine

Mshairi wa Kiswahili hulelewa katika hesabu. Huhesabu mizani, hupanga vina, hugawa mshororo kuwa ukwapi na utao. Nilipoanza kujifunza HTML hapa Songea, somo la kwanza lilikuwa kwamba mashine haina habari na hesabu hiyo mpaka iambiwe.

Tazama ubeti huu niliotunga kwa ajili ya zoezi:

Songea mji wa vita, Majimaji kumbukeni,
Wazee walipopita, nasi leo tu njiani,
Kila neno nikipata, naliweka kitabuni,
Wana wakilitafuta, walikute mstarini.

Ukiuandika hivyo ndani ya faili la HTML, kivinjari hakitaonesha mishororo minne. Kwake, kushuka mstari ni sawa na nafasi moja tu. Hata nafasi ishirini zikifuatana, nazo huhesabiwa moja. Ubeti utanyooka kama habari ya gazeti, na kina cha mwisho kitamezwa katikati ya mstari. Dawa yake ni tagi mbili. Ubeti mzima hufunguliwa kwa <p> na kufungwa kwa </p>. Mwishoni mwa kila mshororo, isipokuwa wa nne, huwekwa 
, ambayo haihitaji kufungwa:

<p>Songea mji wa vita, Majimaji kumbukeni,


Lugha hii ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maelezo yake rasmi yanaagiza kwamba 
 itumike pale tu ambapo kushuka mstari ni sehemu ya maandishi yenyewe, na mifano inayotajwa ni mashairi na anwani. Nilifurahi kuona mshairi ametengewa kiti. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, vipande vinne viliweza kupangwa katika mistari miwili, vikatenganishwa kwa alama, na msomaji asipotee. Alama ndiyo iliyoulinda ubeti.

Tagi za msisitizo zataka kiasi. <strong> hutangaza uzito wa jambo, nayo kwa kawaida huonekana kwa herufi nzito. <Em> hutangaza mkazo wa sauti, nayo huonekana kwa herufi za mlazo. Lakini Kiswahili kina mkazo wake ndani ya neno. Anayesema “Songea ndiko nilikokulia” amekwisha kusisitiza. Kuilaza “ndiko” ni kupiga ngoma mbili kwa wimbo mmoja. Mlazo nauwekea akiba neno la Kingoni linapoingia katika sentensi, nalo hustahili <i>, tagi ya maneno yenye sauti tofauti na yale yanayoyazunguka.

Iko tagi moja ambayo msomaji haioni kabisa, nayo hukaa mwanzoni mwa ukurasa: <html lang="sw">. Huiambia mashine kuwa yafuatayo ni Kiswahili, ili programu inayomsomea asiyeona ichague matamshi ya lugha hiyo, kama inayo. Washairi wenzangu, tusiidharau. Mizani yaweza kutimia na vina vikalingana, lakini pasipo herufi hizo mbili, ubeti wetu waweza kutamkwa kwa ulimi wa kigeni.