Tuwatazame Ndege wa Kwetu

Wageni hutoka Ulaya na Marekani hadi kinamasi cha Mabamba, Uganda, ili kumpiga picha ndege mmoja mwenye mdomo kama kiatu. Sisi wa Kamina tuna Upemba, hifadhi tangu 1939, katika jimbo letu la Haut-Lomami. Katika nyasi za huko aliishi Estrilda nigriloris, ndege mdogo mwenye weusi machoni. Kwa miongo mingi baada ya 1950 hakuna mtaalamu aliyethibitisha kumwona. Je, ametoweka, au amekosa wa kumtazama?

Bwana Yesu aliwaelekeza wanafunzi kwa ndege wa angani wapate kumtumaini Baba. Fundisho hilo halidai kamera wala pasipoti. Ladai macho yenye upendo. Amjuaye ndege kwa jina hamwelekezei manati kwa mchezo. Vijana wapendwa, tuombe neema ya kuona alichotukabidhi Mungu mlangoni petu, kabla hakijatuponyoka.