Siku mbili katika nyumba ya misafara

Kisa hiki nimekaa nacho miaka mingi kwa sababu kinamhusu mtu wa nyumbani. Sasa ameniruhusu, kwa sharti nisimtaje jina.

Novemba 2012 nilikuwa Istanbul kununua nguo za duka. Dada yangu akanipigia simu kutoka Bujumbura. Mwanawe, aliyekuwa anasoma Edirne, wiki tatu hapokei simu, na ada ya muhula haijalipwa. "Kaka, wewe si uko huko huko? Nenda ukamwangalie." Maskini, alidhani Edirne ni mtaa wa Istanbul! Kumbe ni kilomita zipatazo 240, mji wa mwisho kabla ya Bulgaria na Ugiriki.

Muuza vitambaa mmoja aliniambia nikalale Kervansaray ya Rüstem Paşa. Nilitegemea gesti ya kawaida. Nikakuta jengo la mawe la katikati ya karne ya 16, ghorofa mbili zenye matao zimezunguka ua, na nje safu ya maduka. Rüstem Paşa alikuwa waziri mkuu na mkwe wa Sultani Suleiman. Aliyemjengea ni Sinan, fundi yule yule aliyejenga Msikiti wa Selimiye, ambao uko mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Wafanyabiashara wa misafara walishusha mizigo uani, wakalala vyumba vya juu. Kodi za majengo ya namna hii ndizo zilizoendesha wakfu: misikiti, madrasa, maji ya watu. Lilikarabatiwa, likafanywa hoteli, na mwaka 1980 likapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo. Chumba changu kilikuwa kidogo, dirisha dogo, ukuta mnene hata sauti ya barabarani huisikii. Mimi mwenyewe ni mchuuzi, nikajiona niko kwetu.

Mpwa wangu alikuja baada ya Magharibi. Amekonda. Nikaagiza chai na supu, tukala kimya. Halafu akasema: "Mjomba, hiyo ada usiilipe. Nipe mimi. Kuna watu watanivusha mto."

Mto wenyewe ni Meriç, ambao Wagiriki wanauita Evros. Mwaka ule Ugiriki ilikuwa ikijenga ua wa waya wa kilomita zipatazo 12 kwenye mpaka wa nchi kavu, kwa hiyo wanaotaka kupita walizidi kuelekea majini. Watu walikuwa wanazama humo.

Nilikasirika. Nilimtolea maneno mazito, nikamtaja mpaka marehemu baba yake, jambo ambalo hadi leo najutia. Akainuka akaondoka, supu nusu bakuli. Pesa nilikuwa nimezifunga kiunoni, nikalala nazo hivyo hivyo. Kusema kweli sikulala.

Alfajiri nikaenda Selimiye. Wageni huja kutazama kuba lile na minara minne, nami sikutazama chochote. Baada ya salamu nikamwona safu ya nyuma. Nikaenda nikakaa ubavuni pake, nikamwomba radhi kwanza. Mkubwa kumwomba radhi mdogo kwetu si kawaida, naye akainama akaanza kulia. Ndipo akatoa la moyoni: amefeli masomo mawili, lugha inamshinda, na mama yake ameuza kiwanja ili asome. Atamwambia nini? Ulaya haikuwa hamu yake hasa. Alikuwa anakimbia simu ya mama yake.

Tulirudi hotelini, tukakaa uani, nikampigia dada. Nilimwachia aseme mwenyewe. Dada alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama amekula.

Saa nne tulikwenda benki kulipa ada. Akanibebea begi hadi kituo cha basi. Alirudia masomo yale mwaka uliofuata, akayapita, alhamdulillah, na leo ana familia yake.

Waliopanga kuvuka walikuwa wawili. Mwenzake, kijana wa Bukavu waliyeishi chumba kimoja, aliondoka Desemba ile. Simu yake ikaita siku mbili, kisha ikazimika. Mpwa wangu amebadilisha simu mara nyingi tangu hapo, na kila mara namba ile huihamisha.