Chatu Wako Unamjua, Wapita Njia Huwajui

Kisesa, Magu

Mpwa wangu Masanja,

Choroko zimeota vizuri, na bibi yako anaumwa magoti tu. Ulimi wake u mzima.

Jumapili mama yako alikuja na simu, akanionyesha ile video. Umesimama karibu na mnara wa saa katikati ya Leicester, watu wamekuzunguka, na chatu wako anapokezwa mkono kwa mkono kama kitoto kichanga siku ya ubatizo. Mama yako alitaka nikukaripie kwa kufuga nyoka. Hilo silifanyi. Huyo uliye naye ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, anayepatikana kuanzia Senegal hadi pembe ya Uganda. Kwa kawaida hapiti mita moja na nusu, hana sumu, na ile sheria ya Uingereza ya mwaka 1976 kuhusu wanyama hatari haidai leseni ili kumfuga. Umemnunua kwa mtu aliyemzalisha hukohuko, na kizimba chake kina joto la kutosha. Hapo sina neno. Nilichomwomba mama yako anirudishie mara ya pili na ya tatu ni pale yule binti mwenye koti jekundu alipompokea. Chatu alijikunja akawa donge, kichwa akakificha katikati. Watu wakacheka, wakapiga picha. Nawe ulicheka.

Masanja, yule alikuwa anaogopa. Chatu wa aina hiyo hana mbio wala sumu, kwa hiyo akikutana na adui hujiviringa na kulinda kichwa mpaka hatari ipite. Mbuzi akitishwa hulia, mbwa hung'aka au hufyata mkia, na mtu yeyote anaelewa. Nyoka hana sauti ya kulia, hana kope, uso wake haubadiliki. Kimya chake watu wanakihesabu kuwa ridhaa, na mwenye nyoka naye, kwa kupenda sifa, anasema "amezoea, hana shida". Katika kazi yangu ya mifugo niliambiwa hivyo na wenye madume ya ng'ombe wengi tu, na baadhi yao waliniambia huku wakiwa wamefungwa bendeji.

Ila sikuandikii kwa sababu ya chatu. Yeye unamjua: alikula lini, anajivua gamba lini, anapenda kushikwa vipi. Wasiwasi wangu wote uko kwa wale wapita njia, maana huwajui hata mmoja, na katika nusu dakika mnayosalimiana huwezi kuwajua. Mmoja anatoka nyumbani kwake kumlisha sungura au panya wa mtoto wake, mikono inanuka windo. Mwingine amejipaka dawa ya mbu au marashi makali, na nyoka hunusa kwa ulimi. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto la kiumbe mwenye damu moto. Sasa wewe unaruhusu mtu amsogeze usoni kwake ili picha itoke vizuri! Akimng'ata, jeraha la chatu mdogo si kubwa. Lakini meno yake yamepinda kuelekea nyuma, na mtu asiyejua ataunyofoa mkono kwa nguvu. Hapo ngozi itachanika, na chatu naye atabaki na meno yaliyovunjika na kinywa chenye kidonda, ambacho kinaweza kuoza asile tena kwa muda mrefu.

Kuna na yule anayejitia ushujaa mbele ya wenzake. Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Hapendi nyoka, pengine anawaogopa tangu utotoni, ila rafiki zake wanamcheka, basi ananyoosha mikono. Chatu akisogeza kichwa kidogo tu, kijana anapiga yowe na kumtupa chini. Nyoka ni mwili wa pingili na mbavu kutoka shingoni karibu hadi mkiani. Akiangukia mawe ya barabarani kutoka kifuani kwa mtu mzima anaweza kuvunjika mbavu au uti wa mgongo, na wewe hutajua siku hiyo kwa sababu, kama nilivyosema, hatalia. Na huyo kijana akirudi nyuma bila kutazama akaingia njia ya magari, au akamwangusha bibi mwenye mkongojo, jambo hilo linakuja kwako. Uingereza ina sheria ya mwaka 1971 inayohusu madhara yanayosababishwa na wanyama, na mwenye mnyama ndiye anayetafutwa kwanza. Mimi si mwanasheria. Muulize mmoja kabla hujamhitaji.

Halafu, ni nani hasa wanaokukimbilia kwa hamu kubwa? Ni wale ambao nao wana nyoka nyumbani. Wamewashika wao asubuhi, sasa wanamshika wako mchana. Huku tunajua utitiri unavyohama kutoka banda moja la kuku hadi jingine kwa nguo na mikono ya watu. Nyoka nao wana utitiri wao, tena unaonyonya damu, pamoja na virusi vya mapafu na vya neva ambavyo havina dawa. Umetumia fedha zako kumnunulia kizimba na taa, kisha unamkabidhi kwa watu usiojua mabanda yao yakoje.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo la kazi yangu hasa. Reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuugua hata siku moja. Chatu wako anaweza kung'aa, akala, akanenepa, na bado kinyesi chake kikawa nao. Hawatoki kila siku, kwa hiyo hata ukimpima leo ukakuta hana, kesho anaweza kuwatoa. Kutoka kwenye kinyesi hufika kwenye magamba, kutoka kwenye magamba hufika mkononi, na kutoka mkononi, ukizingatia kwamba nusu ya wale watoto kwenye video walikuwa na aiskrimu, safari iliyobaki ni fupi. Mtu mzima mwenye afya ataharisha siku kadhaa, atapona. Mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee, au mtu aliye kwenye matibabu ya saratani anaweza kulazwa, na bakteria wakiingia kwenye damu ni suala la kufa na kupona. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwachezea na hata kuwatia mdomoni. Mwaka 1996, katika bustani ya wanyama ya Denver, watu wengi, hasa watoto, waliugua salmonela baada ya kwenda kumtazama mjusi mkubwa wa Komodo. Hawakumgusa mjusi. Waligusa mbao za uzio wake.

Uliniandikia kwamba una chupa ya kitakasa mikono mfukoni. Ni afadhali kuliko kukosa, lakini mkono wenye uchafu unataka sabuni na maji yanayotiririka, na pale kwenye mnara wa saa sikuona bomba. Wala huwezi kumuuliza mwanamke usiyemjua kama ana mimba ya miezi miwili, au mzee kama anatumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili. Ukiuliza ni ukosefu wa adabu. Usipouliza, umempa mtu hatari ambayo hakuichagua. Njia ya kutoka hapo naiona moja tu, nayo ni kutompa mtu yeyote.

Uliandika pia kwamba rafiki yako anatafuta panyabuku ili muwe na maonyesho ya wanyama wa Afrika. Mwambie aachane na hilo. Mwaka 2003 shehena ya wanyama wadogo kutoka Ghana iliingia Texas, wakiwemo panyabuku. Wakahifadhiwa karibu na kindi wa ardhini wa mbuga za Kimarekani waliokuwa wakiuzwa kama wanyama wa kufugwa, wakawaambukiza ndui ya nyani, na watu 47 katika majimbo 6 wakathibitishwa au kushukiwa kuipata. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Watu wengi waliougua walikuwa wamegusa tu mnyama mpya wa nyumbani. Na wewe unajua kwamba panyabuku si mnyama mbaya: pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa hapahapa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Lakini hao wana walezi waliofunzwa. Hawapitishwi sokoni.

Kuna jambo la fedha pia, ambalo mama yako hakuligundua na mimi sikumwonyesha. Niliona kopo. Ukianza kupokea pauni mbili mbili kwa kila picha, hiyo imekuwa biashara, na kanuni za Uingereza za mwaka 2018 zinamtaka anayefuga wanyama kwa maonyesho ya kibiashara awe na leseni ya halmashauri. Anayekagua leseni atakuuliza chatu anapumzika saa ngapi, anasafirishwa katika joto gani, nani anawasimamia wanaomgusa. Chatu anayehitaji sehemu yenye nyuzi joto zaidi ya 30 na kujificha mchana kutwa, wewe umemweka hadharani kwenye upepo wa nyuzi 17 saa nane mchana. Sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 nayo inakudai umtimizie mahitaji yake, uwe na biashara au usiwe nayo. Na ukija likizo usithubutu kuokota nyoka wa Magu ukampiga picha na watalii: huku tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na wanaoisimamia hawajui kwamba wewe ni mpwa wangu.

Nimekuwa nikijiuliza ulipata wapi wazo hili la kumcheza nyoka mbele za watu, nikajibu mwenyewe: Bujora. Nilikupeleka kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo ukiwa mdogo, kila Juni, tukatazama vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana, na kila mara ulikuwa unanivuta koti twende walipo Bayeye, wacheza nyoka, na chatu wao. Basi kumbuka ulichokiona, si unachodhani ulikiona. Mtu haingii Buyeye, chama chao, kwa kupenda tu. Anapokewa, anafundishwa kukamata, anafundishwa dawa za aliyeumwa, na wakubwa wake ndio wanaosema sasa yuko tayari kucheza mbele za watu. Ngoma ikianza, chatu yuko mikononi mwa aliyefunzwa, watu wako kwenye duara, na duara lina ukingo. Sisi tulioshangilia tulikuwa mamia, na sikumwona aliyeitwa kutoka kwenye duara aje ashike kidogo. Kama siku hizi wapo wanaomtundikia mtalii chatu shingoni kwa ajili ya noti, hao hawakutufundisha mimi wala wewe. Heshima ya Bayeye ilitokana na huo ukingo. Ungewaondolea, wangebaki watu wenye nyoka tu.

Kwa hiyo, ukiniuliza nikushauri nini, nasema usimtoe mitaani kabisa, hata shingoni mwako. Kuna watu wanaozimia wakiona nyoka, na barabara ni yao kama ilivyo yako. Ukitaka kuwaelimisha watu, na najua unapenda kueleza, zungumza na shule au maktaba, uende naye ndani ya sanduku lenye kioo na joto lake. Umfungulie kwa dakika chache, akiwa mikononi mwako, waangalie, wakuulize maswali mpaka washibe. Rafiki akija kwako nyumbani akatamani kumshika, mkalishe chini sakafuni ili asiwe na mahali pa kumwangusha, anawe kabla na baada, nawe usiondoe mkono wako chini ya kiwiliwili cha chatu. Akiwa amekula, siku mbili zipite kwanza, la sivyo atatapika chakula. Macho yake yakianza kuwa na ukungu wa kujivua gamba, mwache kabisa, hata wewe. Watoto wadogo watazame kupitia kioo.

Kukataa ndiko kutakusumbua, kwa sababu wewe ni mpole kama baba yako. Usitunge uongo kwamba anauma, utawatisha watu bure. Sema "leo hashikwi", tabasamu, endelea na hadithi yako. Atakayenuna atanuna, nimewahi kumzuia mheshimiwa mmoja asiingie kwenye banda la ng'ombe wenye ugonjwa wa miguu na midomo, akanuna mwezi mzima, na bado tunasalimiana.

Tafuta daktari wa mifugo anayejua reptilia, si wa mbwa na paka pekee, na umpeleke kinyesi chake kipimwe minyoo. Mpime uzito kila mwezi uniandikie, nitaweka daftari. Lile kopo, naomba nisilione tena.

Mama yako amepata tarehe ya kwenda ubalozini, na Mungu akipenda Aprili atakuwa kwako. Amesema atalala sebuleni, jikoni, popote, ila si chumba kimoja na "huyo mwenzake". Hamisha kizimba mapema, na kifungwe kwa kufuli.

Mjomba wako