Utumbo Haushonwi Kama Gunia

Ukitaja utumbo darasani, watu huangua kicheko. Mimi sicheki sana siku hizi, tangu utumbo mpana wa babangu ujisokote kama kamba. Tumbo lilimfura, choo kikakataa kabisa, na usiku huohuo akapasuliwa. Kipande kilichokuwa kimekufa kilikatwa, na ncha mbili zilizobaki zikaungwa.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndio kwanza mkoko ulikuwa ukialika maua! Daktari alituambia kuwa hatari iko pale palipoungwa. Pakivuja, uchafu humwagika tumboni na mgonjwa anaweza kufa. Tena mara nyingi mambo huharibika siku ya tano hadi ya saba, wakati jamaa wameshaanza kushangilia.

Nilijikaza kisabuni nikamwuliza, "Daktari, mbona usiongeze nyuzi na kuzikaza zaidi?"

Akatabasamu. Akanijibu kuwa utumbo si gunia. Uzi ukikazwa mno hunyonga mishipa, na nyama isiyopata damu hufa. Uzi hushikilia tu siku za mwanzo. Anayeunga hasa ni mwili wenyewe.

Hata hivyo, mafundi hawa wana mbinu zao. Mwaka 1826, Antoine Lembert wa Ufaransa alieleza mshono unaokunja kingo kwa ndani, ili utando wa nje wa upande mmoja ugusane na wa upande wa pili, kwani hizo hushikana vizuri. Wengine huchukua yale mafuta yaliyotanda kama wavu mbele ya matumbo, ambayo sote tumeyaona mbuzi akichinjwa, wakayazungusha juu ya mshono. Hicho ni kiraka chenye damu yake. Na utumbo ukiungwa huko chini karibu na njia ya haja kubwa, wao hutia maji tumboni, kisha hupuliza hewa kupitia njia hiyo. Mapovu yakionekana, pana tundu. Je, si ndivyo fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha kwenye karai?

Lakini kiraka hakiokoi mshono uliokosa damu au uliovutwa kwa nguvu. Ndiyo maana sista alikuwa akimpima baba joto na mapigo ya moyo kila mara. Siku ya nne baba alitoa ushuzi, na sista akafurahi kana kwamba ameletewa zawadi! Siku ya tano joto likapanda kidogo. Mama hakupata hata lepe la usingizi. Siku ya sita likashuka, na ya kumi tukaja naye nyumbani.

Wenzangu mnaotamani udaktari, shikeni hili: kuimarisha si kukaza. Nanyi nyote, mzee akifura tumbo na choo kikatae, msimnyweshe dawa ya kuharisha. Mkimbizeni hospitalini.