Safari ya Susu Kutoka Mbooni

Mpenzi msomaji, nakuomba usinicheke. Muhula uliopita mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike hadithi ya kale ambayo wadogo zetu wa shule ya msingi wangeisoma kwa hamu. Wakati huo mimi nilikuwa nimezama katika kitabu kimoja cha maktaba yetu, kikuukuu, jalada lake limeng'oka. Kinaitwa Little House on the Prairie, kimeandikwa na Mmarekani Laura Ingalls Wilder, na kilitoka mwaka wa 1935. Ni kisa cha baba, mama na wasichana watatu wanaohama kutoka Wisconsin hadi Kansas kwa gari la farasi lililofunikwa turubai kama hema. Ama kwa hakika nilikipenda. Nilikuwa nikikisoma jikoni kwa shangazi hadi muthokoi unashika chini, nami nagombezwa, lakini wapi! Kesho yake nafanya vile vile.

Basi nikajiambia, kwani sisi hatukuhama? Ukoo wetu ulitoka vilima vya Mbooni ukateremka Makueni enzi za mkoloni. Nikachukua kalamu, nikaandika kurasa sita bila kupumua. Niliweka gari la ng'ombe, simba wawili, mto uliofurika, na Susu mwenyewe, msichana wa miaka tisa, akiwachapa ng'ombe mijeledi. Susu ni mama mzaa babu yangu. Yu hai, macho yake yamefifia lakini masikio ni ya paa.

Likizo ya Agosti ilipofika nilipanda matatu hapa Kitui, tukapita Mutomo na Ikutha, tukavuka mto Athi hadi Kibwezi, na jioni nikawa Wote. Kesho yake nilimsomea Susu hadithi yangu huku akichambua ndengu kwenye uteo. Alisikiliza yote. Nilipomaliza nilingoja sifa.

"Gari lipi?" akauliza.

"La ng'ombe, Susu."

"Sisi tulikuwa na gari wapi? Gari lilikuwa hili hapa," akasema, akajigonga paji la uso. Nilitazama. Pale juu ya nyusi pana bonde dogo, kama alama ya kidole kwenye udongo. Ni mukwa uliolichonga, ule ukanda wa ngozi ambao mama zetu huupitisha kichwani kubebea mzigo mgongoni. Miaka yote nimemwona Susu, na sikuwahi kuuliza bonde lile lilitoka wapi.

Mwaka wenyewe haujui. Anasema vita vya Wajerumani vilikuwa vimekwisha na Mau Mau ilikuwa haijaanza. Kule vilimani ardhi ilikuwa imebana, na udongo mwekundu ulikuwa ukienda na kila mvua. Serikali ilisema ng'ombe ndio wabaya. Mwaka wa 1938 iliwanyang'anya watu mifugo, na maelfu ya Wakamba wakatembea kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mifugo ilirudishwa, lakini Muindi Mbingu akakamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Kwa hivyo serikali ile ile iliposema kuna ardhi mpya Makueni, hebu fikiria wewe mwenyewe, nani angeamini? Susu anasema watu walinong'ona kwamba wakishafyeka msitu, mzungu atakuja kuuchukua.

Nayo ardhi yenyewe haikuwa mpya. Wazee wa vilimani walikuwa na syengo huko bondeni, yaani makambi ya kulishia ng'ombe, tangu zamani. Mbung'o ndio waliokuwa wameitwaa, wao na vifaru. Serikali ilimleta mwindaji mmoja, J. A. Hunter, na kati ya mwaka wa 1944 na 1946 akaua vifaru karibu elfu moja. Elfu moja! Hapo nilikumbuka kitabu changu cha Wisconsin. Kule Kansas nako ardhi waliyojengea nyumba ilikuwa ya Wahindi Wekundu wa kabila la Osage, na mwishowe familia ile ikafunga mizigo ikaondoka. Nilipokisoma mara ya kwanza niliipita sehemu hiyo haraka ili nifike penye mbwa.

Susu anasema baba yake alitangulia msimu mmoja. Alipewa shamba kwa masharti: mifugo isizidi idadi iliyowekwa, na matuta yachimbwe. (Matuta ya "fanya juu", ambayo siku hizi yameandikwa hata katika vitabu vya Kiingereza vya kilimo, yalianzia huku huku kwetu.) Kisha akarudi Mbooni kuwachukua. Walitembea siku mbili. Simba hawakuwaona hata mmoja. Mama yake alibeba mtoto mchanga na vyungu. Baba alikuwa na jembe, panga na mbuzi.

Hapo Susu akanyamaza. Alichambua ndengu ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Mdogo wangu hukumwandika," akasema.

Sikujua kuna wa kuandikwa. Kumbe asubuhi ile ya kuondoka kulikuwa na mizigo miwili iliyobaki na mgongo mmoja. Mmoja ulikuwa kyondo cha mbegu za mbaazi na mawele. Mwingine ulikuwa mdogo wake wa miaka minne, ambaye asingeweza kutembea siku mbili. Baba yao alivitazama, akamfunga Susu mukwa wa kyondo. Mtoto akaachwa kwa bibi yake. Aliambiwa, tutakuja kukuchukua tukishavuna.

Mvua za kwanza zikakosa. Za pili zikanyesha kidogo. Walipokwenda kumchukua miaka miwili ilikuwa imepita, naye alijificha nyuma ya bibi yake akalia kama anayeibwa. Hakuja. Alikulia Mbooni, akaolewa huko huko, na yuko huko hadi leo.

Mimi namfahamu vizuri sana. Kila akipiga simu, neno lake la kwanza kwa Susu ni "Mbaazi zimeota?" Sisi watoto tulidhani anaulizia shamba. Susu hucheka kidogo, kisha hutoka nje na simu, hata mvua ikinyesha.

"Susu, ungechukua mtoto?" nikauliza.

"Ningechukua mtoto tungekula nini?" Kisha baada ya muda, "Lakini alikuwa mwepesi. Nilikuwa nimembeba jana yake. Alikuwa mwepesi kuliko kyondo."

Usiku huo nilizichana zile kurasa sita.

Msomaji, labda umejiuliza kwa nini naishi na shangazi. Wazazi wangu walihamia Mombasa nikiwa darasa la sita. Kaka zangu wadogo walikwenda nao. Chumba kilikuwa kimoja, nami nilikuwa na shule, tena niliweza kujitunza. Mama alisema mambo yakinyooka atakuja kunichukua. Sikuwahi kukasirika, ama nilidhani hivyo.

Juzi amepiga simu. Wamepata nyumba ya vyumba viwili, na Desemba anataka niende kwa jumla, nimalizie shule huko. Sauti yake ilikuwa na furaha. Nilimwambia shangazi anaumwa mgongo na maji ya kuchota ni ya mbali, jambo ambalo ni kweli. Akanyamaza. Nikasikia kaka yangu mdogo akiuliza kwa mbali, "Anakuja?"

Nilisema nitampigia Jumapili. Hadithi hii nimeimaliza Ijumaa.