Mafuta Juu ya Maji: Asubuhi Moja Yanonge

Msafiri ashukaye mto Kongo kutoka Kisangani hufika Yanonge baada ya kilomita zipatazo 60. Mji wa Kisangani, ulioitwa Stanleyville hata mwaka 1966, ndio mwisho wa njia ya meli zipandazo kutoka Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 hivi. Mbele yake maporomoko yanaziba njia. Lakini watu wa Yanonge hawangoji meli. Mchele, mihogo, mkaa na samaki wao huenda sokoni kwa mitumbwi mirefu yenye mota, na Walokele wa kingo hizi ni wafanya biashara wa mtoni tangu zamani.

Nasi tulikuwa huko, tukitaka kurudi Kisangani. Mizigo ilikuwa imekwisha kupakiwa, na abiria wameketi juu ya magunia, tulipoona nyuma ya mtumbwi utando wa mafuta ukielea, wenye rangi za upinde wa mvua. Nahodha akasema, "Si kitu." Fundi mmoja mzee aliyesimama ukingoni akamwuliza, "Tangu lini, mwanangu?" Nahodha akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba juma zima alikuwa akiongeza mafuta ya gia kila asubuhi.

Abiria walinung'unika. "Baba, samaki wangu hawangoji," alisema mama mmoja. Lakini safari ilikuwa ya kupanda mto. Mota ikifa, mkondo huurudisha mtumbwi nyuma. Na jua likitua, magogo na mafungu ya mchanga hayaonekani. Basi tukashuka.

Mzee hakufanya haraka. Alisema kuwa mafuta juu ya maji si ushahidi wa kutosha, maana mota ile ilichoma petroli iliyochanganywa na mafuta, na moshi wake hutokea majini. Aliifunga mota wima juu ya gogo nchi kavu, akaipangusa sehemu ya chini hata ikakauka, tukangoja. Parafujo mbili za mafuta zilibaki kavu; ila nyuma ya rafadha tone likatokea, kisha la pili.

Akafungua parafujo ya chini, kopo likiwa chini yake. Kwanza yalitoka maji, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Halafu mafuta yenye rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. "Tazameni," alisema, "mlango utoao mafuta ndio uingizao maji." Ndani ya sanduku lile gia huupokea mzunguko unaotoka juu na kuupeleka kwenye mhimili wa rafadha. Maji yakichanganyika na mafuta, vyuma husagana na kupata kutu. Kuongeza mafuta kila asubuhi hakukuwa dawa. Kulificha ugonjwa tu.

Alipoitoa rafadha, tulimwona mkosaji: uzi wa nailoni wa wavu uliotupwa mtoni, umejiviringisha kwenye mhimili na kuikata sili ya mpira. Mzee aliupitisha ukucha juu ya mhimili, asije akakuta mfereji. Mhimili wenye mfereji huila hata sili mpya. Ulikuwa laini. Akaitia sili mpya, mdomo wake ukielekea ndani, akapaka sabuni, akasukuma hewa kidogo tu kwa pampu ya baisikeli. Povu halikutokea. Ndipo alipotia mafuta mapya kupitia tundu la chini, hata yakatoka katika tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Akafunga parafujo ya juu kwanza, kisha ya chini. Mafuta mabovu aliyaacha koponi, hakuyamwaga mtoni.

Tuliondoka kabla ya adhuhuri, tukafika Kisangani jua likizama. Soko lilikuwa limekwisha fungwa, na mama mwenye samaki hakuwa na furaha. Nahodha akamrudishia nauli yake yote, akisema, "Mama, kosa ni langu, ningesema mapema."

Asubuhi yake alilegeza parafujo ya chini, kama alivyoagizwa, akatoa matone machache. Yalikuwa safi. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tulijifunza Yanonge kwamba kabla ya kuuziba ufa, mtu hana budi kukubali kwanza kuwa upo.